Hukumu ya Madini ya Dhahiri: Kutoka Chumvi ya Uvinza hadi Mchanga wa Lami

Wanafunzi wanaosoma Minhaj ya Imam Nawawi (Allah amrehemu) wakifika mlango wa kuhuisha ardhi mfu, mara nyingi huupita upesi. Mlango ule unataja nafta, lami, salfa na mawe ya kusagia, na kijana wa Kasulu au Kibondo hujiambia kuwa hayo ni mambo ya Iraq ya zamani, hayamhusu yeye aliyezaliwa katika nchi ya maharage, mahindi na migomba. Sisi tunaona mlango huo unahitajika sana katika nyanda za juu za Kigoma. Kusini tu ya milima ya Uha ziko chemchemi za chumvi za Uvinza. Kaskazini, kando ya Ziwa Albert, Uganda imegundua mafuta, na njia ya bomba lake inakatiza mikoa 8 ya Tanzania hadi Tanga. Na katika Ziwa Tanganyika lenyewe, upande wa Kongo, kwenye rasi ya Kalamba, mafuta hujipenyeza yenyewe kutoka chini ya maji. Vitu hivi vyote wanafiqhi wamevikusanya chini ya jina moja: maadin dhahira, yaani madini ya dhahiri.

Suala ni hili. Kitu kina manufaa makubwa ya kiuchumi, na kukitoa kunakata msitu, kunachafua maji na kutia moshi hewani. Nani ana haki ya kukichukua, na nani anabeba hasara? Wengi wanaolijadili suala hili siku hizi, Waislamu na wasio Waislamu, huanza kwa kuweka faida upande mmoja wa mizani na madhara upande wa pili. Maulamaa wetu hawakuanza hapo. Walianza kwa kuuliza: mali hii ni ya nani? Jibu la swali hilo, kama tutakavyoona, hubadilisha mizani yote.

Chumvi ya Ma'rib

Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea habari ya Abyad bin Hammal (r.a.), mtu wa Ma'rib katika Yemen. Alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akaomba apewe machimbo ya chumvi ya kwao, naye akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja katika kikao, na baadhi ya mapokezi yanamtaja kuwa ni Al-Aqra' bin Habis, akamweleza Mtume (s.a.w.) kwamba alichompa yule bwana ni kitu kilicho mfano wa maji yasiyokatika: yeyote anayefika pale huchota na kwenda zake. Hapo Mtume (s.a.w.) akakirudisha kile alichokitoa.

Tirmidhi amesema hadithi hii ni gharib, lakini wanafiqhi wameipokea na kujenga hukumu juu yake. Katika mapokezi ya Ibn Majah mna ziada yenye faida kubwa. Mtume (s.a.w.) alimwomba Abyad amwachie ule mkataba, na Abyad akakubali kwa sharti kuwa iwe ni sadaka yake kwa watu, kisha akapewa ardhi na mitende mahali pengine badala ya ile chumvi. Basi kiongozi anayegundua kuwa ametoa mali ya umma kwa mtu mmoja hairudishi kwa ubabe. Huirudisha kwa maelewano, na aliyepokonywa hufidiwa.

Kuna sehemu ya tatu ya hadithi hii ambayo hutajwa mara chache. Katika kikao kile kile Abyad aliuliza ni miti gani ya araki, hii tunayochongea miswaki, inayofaa mtu kujiwekea kuwa yake peke yake. Akajibiwa kwa maana kwamba ni ile ambayo nyayo za ngamia haziifikii. Miti iliyo karibu, ambayo mifugo ya watu inaifikia, ibaki kuwa ya wote. Tutairudia sehemu hii, kwa sababu chumvi na miti vimekuja katika hadithi moja, na katika mkoa wa Kigoma havikuwahi kutengana.

Dhahiri na batini

Kutokana na hadithi hiyo na mifano yake, Maulamaa waligawa madini sehemu mbili. Dhahiri ni yale ambayo dhati yake inajitokeza bila kufanyiwa kazi: chumvi, nafta, lami, salfa, wanja. Batini ni yale yasiyoonekana mpaka yachimbuliwe na kusafishwa, kama dhahabu, fedha, shaba na chuma. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) katika Al-Ahkam as-Sultaniyya ameyafananisha yale ya dhahiri na maji: haijuzu kumkatia mtu mmoja, na watu wote ni sawa ndani yake. Imam Nawawi ameyataja nafta na lami kwa majina yao, kisha akasema hayamilikiwi kwa kuhuishwa wala hayathibiti kwa kukatiwa na mtawala. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria), ambaye ni Hanbali, yuko pamoja nao katika Al-Mughni.

Mtu anaweza kupinga: mafuta ya leo yanahitaji mitambo ya mabilioni, vipi yaitwe dhahiri? Washereheshaji wa Minhaj, kama Ibn Hajar al-Haytami na Ar-Ramli, wamekwisha lijibu hili. Kinachoangaliwa ni kuonekana kwa dhati ya kitu. Kazi ya kukipata haiondoi udhahiri wake. Nao hawakuwa wakisema jambo la kuwazia tu. Ibn Jubayr alipopita Al-Qayyara karibu na Mosul mwaka 580 Hijria (1184 Miladia), aliona lami ikichemka kutoka ardhini kama chemchemi, na akaeleza kuwa watu waliitia moto ili maji yaliyomo yakauke, ndipo wakaikata vipande na kuisafirisha hadi Sham. Lami hiyo ilihitaji moto, watu na vyombo. Hata hivyo mafakihi waliiita ya dhahiri.

Ama madini ya batini, kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba nayo hayamilikiwi kwa kule kuyachimba tu. Na kauli mashuhuri ya Wamaliki ni kwamba madini yote, hata yaliyo chini ya shamba la mtu, amri yake iko kwa kiongozi kwa niaba ya umma. Kwa hiyo mwenye kukimbia kutoka dhahiri kwenda batini hatapata huko umiliki mkubwa anaoutafuta. Sheria ya Tanzania nayo imeweka madini na mafuta mikononi mwa Jamhuri kwa niaba ya wananchi, na mwenye leseni ni mwenye leseni tu.

Ibn Qudama ameongeza kitu kinachofaa kushikwa. Mtu akiwa na sehemu karibu na pwani ambayo maji yakiingia hugeuka chumvi, sehemu hiyo humilikiwa kwa kuhuishwa, na mtawala anaweza kumkatia mtu. Sababu yake ni kwamba huyo hajawabania watu kitu walichokuwa wakikichota. Ameleta manufaa mapya kwa kazi yake. Basi bwawa la kukaushia ulilolijenga ni lako. Chemchemi inayolilisha si yako.

Uvinza na bei ya kuni

Sasa tuteremke Uvinza. Chemchemi zake ziko karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Ruchugi ni mto unaoshuka kutoka Kasulu, kwa hiyo mvua inayonyesha Uha ndiyo inayopita pale. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Kiangazi kilipoingia na maji ya mvua yakaacha kuichuja ile chemchemi, watu walikuja kutoka pande zote, Waha wakiwa wengi miongoni mwao, wakajenga vibanda, wakachemsha maji katika vyungu, wakafunga mizigo na kurudi kwao. Watawala wa Uvinza walichukua sehemu ya chumvi kama ushuru. Chumvi hiyo ilisafiri mbali kuzunguka ziwa na hadi Unyamwezi, na misafara ya wafanyabiashara wa Kiislamu iliyokuwa ikienda Ujiji iliikuta njiani. Richard Burton aliyepita pale mwanzoni mwa mwaka 1858 aliisifu katika maandishi yake.

Tuutazame utaratibu ule kwa jicho la fiqhi. Anayefika huchota, anatoa ushuru, anaondoka, na mwakani anakuja mwingine. Waliofanya hivyo wengi wao hawakuwa Waislamu, lakini hali yao inafanana mno na aliyoieleza Al-Aqra' kuhusu Ma'rib. Wajerumani walipoingia walikata uhusiano huo. Kampuni ya Kijerumani ilipewa kibali mwanzoni mwa miaka ya 1900, ikajenga kiwanda na kupaita Gottorp, na kilichokuwa cha wote kikawa cha mwenye hati. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ikapata njia ya kwenda mbali zaidi. Baada ya vita vikaja vibali vya Waingereza, baada ya uhuru mkono wa serikali, kisha ubinafsishaji.

Manufaa yapo na hatuyapunguzi. Mkoa ambao wakoloni waliufanya ghala la manamba wa kupeleka kwenye mashamba ya mkonge Tanga ulipata mahali pa kazi ya mshahara karibu na nyumbani. Chumvi ni chakula. Ikitiwa madini ya joto huwakinga watu na tezi la shingo, ugonjwa uliowasumbua sana watu wa nyanda za juu.

Gharama yake haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote, nayo ni msitu. Mwenye kupika anajua kuwa kukausha maji ni kazi kubwa kuliko kuyachemsha. Katika mafiga ya wazi, kukausha lita 1 ya maji hula karibu kilo 1 ya kuni kavu. Tukichukulia kwa mfano maji yenye chumvi sehemu 10 katika 100, kupata kilo 1 ya chumvi kunahitaji kukausha lita 9, yaani kilo 9 hivi za kuni. Vyungu vya kiangazi kimoja viliweza kuvumiliwa na miyombo, kwa sababu watu walikuja kwa msimu na mti uliokatwa huchipua. Kiwanda kinachokoka moto mwaka mzima kinahesabu nyingine. Njia ya kukausha kwa jua katika mabwawa mapana, ambayo nayo imetumika Uvinza, hupunguza kuni sana, lakini jua lina msimu wake, na mvua za Kigoma ni ndefu.

Mchanga wa lami wa Alberta

Tumetaja lami ya Mosul. Lami nyingi zaidi inayochimbwa duniani leo iko Kanada, katika jimbo la Alberta, nayo imechanganyika na mchanga na udongo. Tunaileta hapa kwa sababu ni mfano mkubwa kabisa wa kitu hiki hiki: mali inayoonekana kwa macho kwenye kingo za mto Athabasca, ambayo wenyeji wa asili waliitumia kuziba mitumbwi yao, lakini kuitenganisha na mchanga kunahitaji maji ya moto, kama vile kutenganisha chumvi na maji kunavyohitaji kuni.

Eneo lenye mchanga huo ni kiasi cha kilomita za mraba 142,000, na akiba inayohesabiwa kuwa inaweza kutolewa ni mapipa bilioni 160 na zaidi. Uchimbaji wa kibiashara ulianza mwaka 1967. Sehemu iliyo karibu na uso wa ardhi huchimbwa kwa makoleo makubwa baada ya kuondoa msitu na udongo wa juu. Pipa 1 la mafuta hutoka katika tani 2 hivi za mchanga. Sehemu kubwa zaidi iko chini mno, na hutolewa kwa kupiga mvuke ardhini mpaka lami iyeyuke. Mvuke huo huchemshwa kwa gesi, ndiyo maana pipa la mafuta haya hutoa moshi mwingi kuliko pipa la kawaida hata kabla halijafika kwenye gari.

Faida yake ni kubwa. Jimbo linapata mrabaha: asilimia 1 hadi 9 ya mapato ghafi wakati mradi unarudisha gharama zake, na ukishazirudisha, asilimia 25 hadi 40 ya mapato baada ya gharama. Shule na hospitali zimejengwa kwa fedha hizo, na mji wa Fort McMurray umevuta wafanyakazi kutoka kila bara. Waislamu wamo miongoni mwao, tena wana msikiti wao pale.

Upande wa pili yako mabwawa ya maji machafu yanayobaki baada ya kuosha mchanga. Mwezi wa Aprili 2008 bata 1,606 walitua katika bwawa moja la kampuni ya Syncrude wakafa, na mwaka 2010 kampuni ikatozwa dola milioni 3 za Kanada. Mwaka 2022 iligundulika kuwa maji machafu yanavuja kutoka mgodi wa Kearl, na jamii za wenyeji walio chini ya mto, wanaovua na kuwinda huko, walilalamika kwamba ukubwa wa jambo hawakuujua mpaka Februari 2023. Katika fiqhi kuficha aibu ya bidhaa kwa mnunuzi ni tadlis. Kumficha jirani kuhusu maji anayokunywa kuna jina zito zaidi.

Ipo tarehe moja ambayo kwetu ina uzito kuliko hizo zote. Cheti cha kwanza kuthibitisha kuwa kipande cha ardhi iliyochimbwa kimerejeshwa katika hali inayokubalika kilitolewa mwaka 2008, kwa hekta 104 tu. Kuanzia 1967 ni miaka 41. Faida ilianza kugawanywa mwaka wa kwanza. Marejesho yakaachwa kwa wajukuu.

Je, mwenye mali hafanyi atakavyo?

Hapa msomaji wa Minhaj atakuwa na hoja, nayo ni hoja nzuri. Madhehebu ya Shafii ni mapesi kwa mwenye mali. Mtu ana haki ya kutumia milki yake kwa namna ya kawaida, na kauli sahihi zaidi ni kwamba anaweza hata kufungua hamamu au zizi katikati ya nyumba za watu, mradi achukue tahadhari na kuimarisha kuta zake. Wamaliki ni wakali zaidi: moshi wa tanuri, vumbi la kupuria nafaka na harufu ya ngozi ni madhara ambayo jirani anaweza kuyazuia. Je, Mshafii hawezi kumpa mwenye mgodi ule upesi aliompa mwenye hamamu?

Hawezi, na hapa ndipo tulipokuwa tukielekea tangu mwanzo. Upesi ule umejengwa juu ya milki. Mwenye hamamu anaachiwa kwa sababu kiwanja ni chake. Mwenye kuchota madini ya dhahiri hana milki ya chimbuko. Anachomiliki ni kile alichokwisha kukichota, pamoja na vyombo na mabwawa yake. Tena Minhaj inasema kuwa mahali pakiwa finyu aliyetangulia hutangulizwa kwa kiasi cha haja yake, na akitaka zaidi, kauli sahihi zaidi ni kwamba aondoshwe awapishe wengine. Mtu ambaye anaweza kuondoshwa hawezi kujifunika blanketi la mwenye nyumba. Hali yake iko karibu na ya aliyeruhusiwa kupita katika njia ya watu: njia ni haki yake na ya wengine, na akiiharibu analipa.

Zaidi ya hapo, kanuni ambayo Majalla ya dola ya Uthmaniya imeiandika katika kifungu cha 87 inafungamanisha hasara na faida: mwenye kula faida ya kitu ndiye wa kubeba gharama yake. Chumvi au mafuta yakiuzwa faida ikaenda kwa mmoja, na kuni, maji na afya vikatoka kwa wengine, kanuni hiyo imepinduliwa miguu juu. Na kifungu cha 26 kinasema madhara ya mtu binafsi huvumiliwa ili kuyazuia madhara ya umma. Makampuni hupenda kukitaja kinyume chake pale kijiji kinapotakiwa kuhama, kana kwamba kijiji ndicho mtu binafsi na kampuni ndiyo umma.

Baada ya kulisema hili ndipo mizani inaingia. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 219, imekiri kuwa pombe na kamari vina manufaa kwa watu, kisha ikahukumu kwa sababu dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Aya hiyo haihusu madini, na hatusemi kuwa mafuta ni haramu kama pombe. Tunachochukua ni adabu ya kupima: faida hutajwa waziwazi bila kuogopwa, na kule kutajwa kwake hakumalizi hukumu. Imamu anayepanda mimbari kuulaani mgodi bila kutaja vijana waliopata kazi huko amepunja mizani. Amepunja pia yule anayetaja kazi akanyamaza juu ya mto.

Mafuta ya jirani

Ziwa Albert lina kijiji kinachoitwa Kibiro, katika wilaya ya Hoima, ambacho kwa bahati ya ajabu kina vitu vyote viwili: chumvi na michirizi ya mafuta. Wanawake wa Kibiro wamekuwa wakitoa chumvi kwa karne nyingi, kama alivyoonyesha Graham Connah katika utafiti wake. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, hukusanya udongo huo ukishanyonya, huuchuja kwa maji, huchemsha, kisha udongo ule ule hurudishwa kutandazwa tena. Kinachoisha ni kuni tu. Michirizi ya mafuta nayo iliandikwa na wataalamu wa jiolojia wa serikali ya kikoloni tangu miaka ya 1920, miaka 80 hivi kabla Uganda haijatangaza mwaka 2006 kuwa imepata mafuta ya kutosha kuuzwa. Kwa fasili ya Nawawi, mafuta yanayojichuruzisha yenyewe ufukweni ni dhahiri bila ubishi.

Bomba la kuyatoa limepimwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, kutoka Kagera hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta yale ni mazito kama nta, huganda katika joto la kawaida, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto lifikie nyuzi 50 hivi njia nzima. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Baadhi ya visima viko ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Kigoma haiko katika njia hiyo, lakini mjadala wake umefika katika misikiti yetu, na tumesikia pande mbili zikirushiana maneno: wengine wakisema Wazungu waliokwisha tajirika kwa mafuta hawana haki ya kutuzuia sisi, na wengine wakisema kila tone ni dhambi.

Kwa upande wa kwanza tunasema hoja yao ina ukweli, ila dhuluma ya aliyetangulia haikuwa hoja ya kisheria hata siku moja. Kwa upande wa pili tunasema kuwa kuharamisha ni haki ya Mwenyezi Mungu, na asili ya vitu ni kuruhusiwa. Suala linalofaa kuulizwa ni la mkataba. Nani ameweka dhamana ya kurejesha ardhi kabla ya kuchimba, kiasi gani, na iko mikononi mwa nani? Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mradi, na umma ushirikishwe. Hiyo ni nafasi ambayo Al-Aqra' aliitumia katika kikao cha Ma'rib: alisema alichokijua, kwa adabu, mbele ya mwenye mamlaka, kwa wakati. Maimamu wetu wengi hawaendi katika mikutano hiyo. Kule Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, masheikh walipoingia katika suala la kisiwa cha Misali na uvuvi wa baruti, maneno yao kwa wavuvi yalizingatiwa pale ambapo maneno ya maafisa hayakutosha.

Miti isiyofikiwa na nyayo

Turudi kwenye ile sehemu ya tatu ya hadithi, swali la Abyad kuhusu miti. Kibondo na Kasulu wanalijua swali hili kwa miguu yao. Tangu vita vya Burundi vya mwaka 1993, na vile vya Kongo baada yake, wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 wimbi jingine likaja, Nduta ikafunguliwa upya na Mtendeli baada yake, nayo Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Kila jiko liliwashwa kwa kuni, na mzunguko wa miti ukazidi kusogea mbali na nyumba za wenyeji na za wageni. Mkimbizi anayepikia watoto wake yuko katika dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Anayejaza lori la mkaa kwa ajili ya soko la mjini, au magogo kwa ajili ya tanuri la kiwanda, hana dharura hiyo, hata kama msitu ni ule ule.

Sayyidna Umar (r.a.), kama alivyopokea Bukhari, alipomweka Hunayy kuwa msimamizi wa malisho yaliyohifadhiwa, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Hao wawili ni masahaba watukufu na matajiri. Hawakutuhumiwa ubaya wowote. Sababu aliyoitoa ni kwamba mifugo yao ikifa wanayo mitende na mashamba ya kurudia, na yule maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa kiongozi.

Kwa kipimo hicho, kamati ya kijiji cha Kasulu inayoombwa kibali cha kukata kuni za kuchemshia chumvi, kuchomea tofali au kukaushia tumbaku ina kazi ya kwanza ambayo haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Iwaulize wanawake wa kijiji wanatoka saa ngapi kwenda kutafuta kuni na wanarudi saa ngapi. Hapo wanapofika kwa miguu yao na kurudi kabla ya adhuhuri ndipo panapofikiwa na nyayo, na miti ya hapo haikatiwi mtu. Zaidi ya hapo kibali kinaweza kujadiliwa, kwa sharti la kupanda, kwa muda maalumu, na dhamana ikiwa imekwisha kuwekwa. Mwenye kibali akisema sharti hilo litamfanya ashindwe kupata faida, basi amekiri mwenyewe kuwa faida aliyokuwa akiihesabu ilikuwa ni kuni za wengine.

Wallahu a'lam.